Fungu la Michezo na Mizani ya Haki

Soma: Kutoka 16:16-18, Hesabu 27:1-7, 1 Samweli 30:21-25, Matendo 6:1-7.

Shule za umma nchini Tanzania huendeshwa kwa ruzuku ya serikali, nayo ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016. Sehemu ndogo ya fedha hizo huenda kwenye michezo. Chukulia shule moja ya sekondari wilayani Kyela, katikati ya mashamba ya mpunga na kakao. Mashindano ya UMISSETA yanakaribia, na fungu la michezo ni shilingi 400,000. Timu ni nne: soka ya wavulana, netiboli ya wasichana, mpira wa wavu na riadha. Mwalimu wa michezo ni mzee wa kanisa, na mwanawe anachezea soka. Agaweje?

Anaweza kugawa sawa, 100,000 kwa kila timu. Hakuna atakayemnung'unikia kwa upendeleo. Lakini riadha ina wanafunzi sita, na soka ina kumi na wanane. Jangwani, mana ilipimwa kwa kila kichwa, si kwa kila hema. Hema yenye watu wengi ilipata zaidi. Mafungu yaliyo sawa yanaweza kuwaacha watu wasio sawa.

Anaweza kuwapa zaidi washindi. Soka ndiyo iliyofika mbali mwaka jana. Lakini soka hununuliwa mipira kila mwaka, na wasichana wamefanya mazoezi kwa mpira mmoja uliochakaa. Ushindi wa jana ni tunda la mgawanyo wa jana. Hauwezi kuuhalalisha mgawanyo wa leo. Penye kijito cha Besori, baadhi ya wapiganaji walitaka waliobaki na vyombo wasipewe nyara. Daudi alikataa, kwa kuwa walichokipata kilitoka kwa Bwana. Vivyo hivyo, ruzuku haikuletwa na magoli. Ililetwa kwa hesabu ya wanafunzi wote, akiwamo binti asiye na mpira wa kuchezea.

Basi aangalie mahitaji: kwanza kile ambacho timu haiwezi kucheza bila hicho, kisha nauli, na jezi mpya mwisho. Njia hii ni bora, ila ina mtego. Kila nahodha ataongeza hitaji lake, na mwalimu mwenyewe ana mtoto uwanjani. Nani atapima?

Kanisa la kwanza lilikutana na swali hilo. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakugawa wenyewe kwa siri. Waliita mkutano, nao ukachagua watu saba wenye sifa njema, ambao majina yao yote ni ya Kiyunani. Binti za Selofehadi nao walisikilizwa kabla ya urithi kuamuliwa. Mwalimu yule na awaketishe manahodha wanne pamoja, kila mmoja asome orodha yake mbele ya wenzake, na hesabu ibandikwe ukutani.

Haki haiongezi shilingi hata moja. Huenda soka ikakosa jezi, na baba akaulizwa jioni na mwanawe. Atakuwa na jibu: sababu ilitolewa hadharani, na aliyekosa mwaka huu atafikiriwa kwanza mwaka ujao. Mtoto anayepata jibu hilo amefundishwa haki, hata kama jezi yake ni kuukuu.

Maswali ya Kujadili

1. Katika kanisa lenu, kwaya, Dorkasi na Watafuta Njia hugawiwa fedha kwa kipimo gani? Nani hakuwapo kipimo hicho kilipowekwa?

2. Je, ni vema mgawaji mwenye jamaa katika kundi mojawapo ajitoe, au inatosha afanye kazi hadharani? Toa sababu.

3. Ni lini mafanikio yanastahili kupewa zaidi? Linganisha Mathayo 25:14-30.