Moyo Kwanza au Mali Kwanza?



Sisi tulioanza shule baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulifundishwa ujamaa kama somo lenye jibu moja. Kumbe kule Mlimani, Chuo Kikuu, wasomi walikuwa wakibishana vikali juu ya jibu hilohilo.

Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1962 kwamba ujamaa ni hali ya moyo, wala hauhitaji vita vya matabaka. Alitilia shaka hata kama lugha zetu za asili zina neno la tabaka. (Na kweli, hili tulitumialo tumelipata kwa Waarabu.) Lakini tukisimama Kariakoo alfajiri, tukamtazama asukumaye mkokoteni wa vitunguu na mwenye vitunguu, kitu chenyewe tunakiona.

Mwaka 1970 kijana Issa Shivji, akimfuata Marx, aliandika katika gazeti la wanafunzi, Cheche, kwamba matabaka yapo na yanapambana kimyakimya. Baadaye, katika kitabu chake cha 1976, alisema tabaka jipya limekua maofisini, miongoni mwa wasimamizi wa mali ya umma. Cheche lilipigwa marufuku mwaka huohuo wa 1970.

Nani alisema kweli? Twaona Mwalimu mwenyewe hakuutegemea moyo peke yake. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, au nyumba za kupangisha. Hiyo ni kazi ya mwalimu awajuaye wanafunzi wake! Masharti hayo yalipolegezwa Zanzibar mwaka 1991, ilionekana ni wangapi walikuwa wameyashika kwa moyo na wangapi kwa hofu.

Hata hivyo, wafuasi wa Marx nao tunawauliza: mali ikibadili mikono na moyo usibadilike, je? Urusi walitaifisha kila kitu baada ya 1917, na bado wakubwa wa chama walikuwa na maduka yao ambayo raia wa kawaida haingii.

Matendo ya Mitume husimulia Wakristo wa Yerusalemu walioshirikiana mali zao. Haukupita mlango mmoja, akatokea Anania. Kiwanja kilikuwa chake, hakulazimishwa na mtu. Akaficha sehemu ya fedha, akajifanya ameleta zote.

Nasi Jumapili, baada ya ibada, sadaka huhesabiwa na watu wawili, na wote hutia sahihi. Hatujasikia mzee wa kanisa aliyelalamika kwamba ametukanwa.