Maskani ya Msafiri

Wakulima wengi wa Ifakara, katika bonde la Kilombero, mpunga ukianza kutoa masuke, huhamia mashambani na kukaa huko hadi mavuno, wakiwinga ndege juu ya dungu tangu alfajiri hadi magharibi, ilhali mjini wameacha nyumba, watoto wa shule na jirani aliyewekewa amana ya ufunguo. Rudolf Geigy naye, mtaalamu kutoka Uswisi aliyekuwa akisafiri baina ya Basel na Afrika, alipoanzisha maabara yake mwaka 1957 aliiweka Ifakara, palipokuwa na hospitali ya misheni. Wote hao waliweka makao palipo na watu; basi msafiri achaguaye maskani asitazame uzuri wa mandhari wala unafuu wa kodi kabla ya kujiuliza: ni nani hapa atakayetambua kwamba nimechelewa kurudi?