Haba na Haba, na Kibaba cha Nani?

Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba haikutaja kibaba ni cha nani. Humfaa mkulima awekaye akiba, na humfaa vile vile mwizi adokoaye ghala la mwenziwe punje kwa punje. Hapo ndipo penye suala: je, ushindi upatikanao kidogo kidogo huwa wa haki kwa sababu tu umepatikana kwa subira?

Wachezaji wa sataranji wanalijua jambo hili. Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia tangu 1886 hadi 1894, alifundisha kwamba shambulio halizaliwi na ushujaa wa mchezaji bali na hali ya ubao. Kwanza hukusanywa mafanikio madogo madogo: farasi apate mahali asipoweza kufukuzwa, ngome ifunguliwe njia, askari wa mpinzani abaki pweke bila wa kumlinda. Hakuna kete iliyoliwa, lakini kila hatua humpunguzia mpinzani pumzi. Kisha Steinitz akaweka sharti: aliyezidi hana budi kushambulia, la sivyo ubora wake utampotea. Subira, basi, nayo ina siku yake ya kukoma.

Historia ya Upare imeupima ukweli huo kwa miili ya watu. Katika miaka ya vita kuu ya pili, utawala wa Kiingereza na machifu waliokuwa chini yake walileta mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa. Baadaye wanawake nao wakajitokeza kuwakabili watawala. Silaha yao kubwa ilikuwa huko kukaa, siku baada ya siku, hata baada ya miaka ya mvutano kodi ile ikaondolewa. Isaria Kimambo aliusimulia mkasa huo katika kitabu alichokiita Mbiru, kilichotoka mwaka 1971.

Lakini tusiwape wanyonge peke yao sifa ya subira. Serikali nayo ilikuwa ikisogeza kete zake. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898; Waingereza wakaiendeleza; na mbiru ikaja juu ya mzigo uliokwisha kuzoeleka. Pande zote mbili zilikwenda haba na haba. Zilitofautiana kwa nini?

Mtu anaweza kujibu: kwa uwazi. Mkadiriwa hakujua amepimwa kwa mizani gani, ilhali waliokaa Same walikaa juani, mbele ya macho ya mkuu wa wilaya. Jibu hili ni zuri, ila halitoshi. Mwenye nguvu aweza kumkaba mnyonge hadharani, na uwazi wake usiwe ila kiburi.

Milima yenyewe ina jibu lililokamilika zaidi. Huko yako mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Usiku ndiva hufungwa, maji ya kijito yakusanyike. Asubuhi hufunguliwa, yakashuka mferejini, na wenye mashamba wakayapokea kwa zamu. Maji yale hukusanywa kidogo kidogo kama mali ya bahili, lakini bahili hana asubuhi wala hana zamu ya mwenziwe.

Zamu ndiyo roho ya sataranji pia. Hata anayebanwa pembeni hupewa nafasi yake ya kucheza. Hakuna achezaye mara mbili mfululizo. Mshindi akishinda, ameshinda mtu aliyekuwa na mkono. Dhuluma ya mbiru haikuwa uzito wa kodi tu, bali kwamba upande mmoja ulicheza, ukacheza tena, na mwingine ukatakiwa kutazama. Kule kukaa Same kulikuwa zamu ambayo hawakupewa, wakaitwaa. Kwa hiyo, amwonaye mtu akijaza kibaba chake polepole asiusifu upole huo kabla ya kuuliza: huyu aliye mbele yake atacheza lini?