Msafara Uliopokewa Njiani

Mwishoni mwa Januari 2019, zikiwa zimebaki chini ya wiki tatu mchezo wa Metro Exodus utoke, wachezaji wa kompyuta waliarifiwa kwamba hawataupata tena Steam, duka la mtandaoni walikokuwa wakiusubiria. Deep Silver, kampuni iliyoutoa, ilikuwa imekubaliana na Epic Games Store, duka jipya lililofunguliwa Desemba 2018, kwamba kwa mwaka mzima mchezo huo usiuzwe Steam. Waliokwisha kuulipia waliachiwa nakala zao. Wengine wakaambiwa wahamie Epic. Hasira zikamwagwa hata kwenye kurasa za michezo ya awali ya Metro, ambayo haikuwa na hatia yoyote.

Ajabu ni kwamba nchini Marekani bei ilikuwa imeshuka, kutoka dola 60 hadi dola 50. Watu walikasirika wakiwa wameuziwa rahisi zaidi. Waliotazama kwa nje waliona ni utoto: pakua programu ya pili, lipa, cheza. Mimi sikuweza kuona hivyo. Mimi ni mchezaji, na jioni zangu nyingi za ujana nilizimalizia kwenye darasa la fikihi, yaani sheria za Kiislamu, baada ya sala ya Magharibi, katika msikiti mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Mlango wa mauziano tuliusoma polepole kuliko milango yote, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa mfanyabiashara wa nguo na kila suala alilipeleka dukani kwake.

Katika mlango huo mna katazo ambalo watoto hulipitia wakidhani ni habari za ngamia tu. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuupokea msafara wa bidhaa njiani na kuinunua mali kabla haijafika sokoni. Mtu hajaiba, hajapunja mizani, hajasema uongo, analipa fedha taslimu, na bado amekatazwa. Kwa nini? Hapo ndipo maimamu walipotofautiana. Imamu Shafii, ambaye ndiye tunayemfuata pwani hii, aliitazama haki ya mwenye msafara: yeye hajui bei ya mjini, anaweza kuuza kwa hasara, ndiyo maana akifika sokoni akakuta amepunjika ana hiari ya kuvunja mauziano. Imamu Malik aliwatazama watu wa soko: mali iliyokuwa ije mbele ya wote imeshikwa na mmoja.

Nikiupima mkataba wa Metro kwa sababu ya Shafii, siuoni ubaya wake. Waliotengeneza na kuutoa mchezo walizijua bei zote. Walijua kwamba Steam wakati ule ilichukua asilimia 30 ya kila mauzo, ikishuka hadi 25 na 20 kwa michezo inayouza sana, na kwamba Epic ilichukua 12 tu. Hakuna aliyewalaghai, wao ndio waliopata. Na kwa haki, asilimia hizo si jambo dogo. Studio ndogo inayobakiwa na dola 88 katika kila mia badala ya 70 inaweza kulipa mishahara ya miezi mingine. Tim Sweeney wa Epic alilisema hilo mara nyingi, na sina sababu ya kumkadhibisha.

Lakini nikiupima kwa sababu ya Malik, wale wachezaji waliolalama walikuwa wakitetea kitu cha kweli bila kukijua jina. Soko ni mahali pa watu wengi kuonana, bidhaa ikawa mbele ya macho yao wote, na bei moja ikasahihishwa na nyingine. Duka linaloshinda kwa kuuza vizuri zaidi limewaongezea watu wa soko. Linaloshinda kwa kuuzuia msafara usifike kwingine limewapunguzia. Katika suala hili namwacha imamu wangu kwa heshima na kusimama na Malik.

Kuhusu bei yenyewe, wenzangu wachezaji hawatanipenda. Mwaka 2020 michezo mikubwa ilianza kupanda kutoka dola 60 hadi 70, na mwaka 2025 Nintendo iliuza Mario Kart World kwa dola 80. Sisi tunaolipa kutoka Kenya tunaihesabu dola kwa shilingi na maumivu huwa maradufu. Hata hivyo bei kubwa peke yake si dhulma. Bei zilipopanda Madina watu walimwendea Mtume wakimtaka awapangie, naye akakataa. Alitaka akutane na Mola wake pasiwepo mtu anayemdai kwamba alimdhulumu mali. Mchezo si unga. Asiyeweza kuununua leo atasubiri punguzo, na asipoupata hatakufa.

Swali linakuja upya pale mfanyabiashara mwenyewe anapojipa kazi ya kuwapangia wengine bei, ambayo Mtume aliikataa. Mwaka 2021 studio ya michezo ya Wolfire Games iliishtaki Valve, wenye Steam, katika mahakama ya Marekani, ikidai kwamba Valve huwazuia watengenezaji kuuza mchezo kwa bei ya chini katika maduka mengine. Valve inakanusha, na mimi si hakimu wao. Ila ikiwa jambo la namna hiyo hufanyika, popote pale, basi nafuu ya makato madogo ya Epic haimfikii mnunuzi hata senti, kwa kuwa bei imefungwa kabla hajafika kaunta.

Bado hayo yote kwangu ni madogo mbele ya suala moja: nikilipa, ninapata nini?

Mume wa dada yangu alipofariki, nilikuwa miongoni mwa walioketi kuorodhesha alichoacha. Pikipiki, kompyuta, akiba yake ya chama, deni la duka la vifaa vya ujenzi ambalo lilipaswa kutoka kwanza. Mzee aliyeongoza kikao alikuwa akifunga daftari pale kijana mkubwa wa marehemu aliponigeukia. "Mjomba, na magemu ya baba je?" Baba yake alikuwa ameyakusanya kwa miaka, punguzo kwa punguzo, katika duka moja la mtandaoni, na fedha yake ikijumlishwa ingezidi thamani ya ile pikipiki. Mzee akauliza, "Hiyo ni mali au si mali?" Nikamjibu, "Mzee, mkataba wa duka unasema akaunti haihamishwi kwa mtu mwingine." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama marehemu aliinunua au aliikodi. Sikuwa na jibu la kumpa mbele ya watoto.

Nimelitafuta tangu siku ile. Mauziano huhamisha umiliki: nikinunua, naweza kuuza, kutoa zawadi, kurithisha. Haya hayamo. Basi ni ijara, yaani ukodishaji? Ijara sharti muda wake ujulikane, na hapa hakuna muda uliotajwa. Tena kwa Shafii ijara haivunjwi na kifo cha mpangaji. Warithi husimama mahali pake mpaka muda uishe. Kwa hiyo hata lau marehemu angekuwa mpangaji tu, wanawe wangekuwa na haki yao. Kinachofanana na mkataba huu kuliko vyote ni azima, ile ariya ya vitabu: mwenye kitu anaweza kukitwaa atakapo, na mwazimwaji akifa kinarudi kwa mwenyewe. Lakini azima hailipiwi. Anayepokea fedha kwa azima amechukua thamani ya mauziano na kubaki na haki za mwazimishaji. Mizani mbili, moja ya kupokelea na moja ya kutolea, na iko sura nzima ya Kurani, Al-Mutaffifin, inayofunguka kwa kuwatishia wenye tabia hiyo.

Si nadharia. Ubisoft ilitoa mchezo wa magari wa The Crew Desemba 2014. Tarehe 31 Machi 2024 ilizima seva zake, na kwa kuwa mchezo ulihitaji seva hata ukicheza peke yako, aliyeulipia akabaki na jina tu kwenye orodha. Mwaka huohuo jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, kwamba duka lisimwambie mteja ananunua bidhaa ya kidijitali bila kumweleza wazi kuwa anapewa leseni. Ni hatua njema, lakini kumweleza mtu kwamba unamnyima haki hakumpi haki hiyo. Kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott, inakwenda mbali zaidi, na ombi lake Ulaya limepita saini milioni moja. Haidai seva ziwashwe milele, jambo ambalo lingekuwa dhulma kwa kampuni. Inadai tu kwamba mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuchezeka msaada wa kampuni unapokoma. Na inawezekana: duka la GOG, lililoanza 2008, huuza michezo isiyo na kufuli, unayoweza kuipakua ukaiweka kwenye diski yako.

Masheikh wetu wamekwisha kutoa majibu kuhusu bima, mikopo ya benki na sarafu za mtandaoni. Hili bado sijamsikia hata mmoja akilizungumza mimbarini, ingawa vijana walioketi mbele yake hulilipia kwa simu zao. Nilimpelekea mwalimu wangu swali la magemu ya marehemu na yatima wake. Hakunipa hukumu. Alisema hawezi kuhukumu mkataba asioujua, akaniagiza nimletee wote kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Niko kwenye kazi hiyo sasa. Kifungu kinachosema kampuni inaweza kuifunga akaunti nimekitafsiri tayari. Kile kinachoeleza mteja anarudishiwa nini akaunti ikifungwa nimekitafuta kutoka mwanzo hadi mwisho wa mkataba, na hakimo.