Mkatoliki Kwenda kwa Wakili wa Ndoa: Ni Dhambi?



Leo tulizungumze swali ambalo huku kwetu linanong'onwa tu baada ya sala ya jumuiya. Mkatoliki akienda kwa wakili kwa sababu ya ndoa yake, amemkosea Mungu? Na kama si dhambi, mbona wanaoweza ni wenye pesa tu?

Chukua mfano wa mama wa Tengeru. Miaka 15 amepalilia kahawa, amekata majani ya ng'ombe, amelea watoto. Sasa mume anampiga na anataka kuuza shamba. Wenzake wanamwambia, “Vumilia mama, ndoa ni msalaba.” Sawa, msalaba upo. Lakini msalaba hubebwa kwa upendo. Kipigo ni dhuluma. Tukikiita kipigo msalaba, tunamsingizia Mungu.

Kanisa linafundisha kwamba ndoa ya wabatizwa iliyo halali na iliyokamilika haivunjwi na mahakama yoyote. Ila Katekisimu hiyohiyo, namba 2383, inakubali kwamba talaka ya kiserikali, ikiwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi, inaweza kuvumiliwa na si kosa la kimaadili. Yaani mama huyu anabaki mke mbele ya Mungu, haolewi tena, lakini watoto na shamba vinalindwa.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kwanza mpite baraza la usuluhishi, na mahakama ikivunja ndoa inaweza kugawa mali iliyochumwa pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Tatizo ni hela. Haki ya kwenye karatasi inamsaidia nini asiye na nauli ya kushuka mjini?

Mt. Tomaso wa Akwino aliliuliza jambo hili katika Summa Theologiae: wakili analazimika kumtetea maskini? Alijibu kwamba hawezi kulazimishwa kwa kila maskini, maana hakuna mtu awezaye kuwasaidia wote, na kulipwa kwa haki si kosa. Lakini hitaji likiwa la sasa hivi, na hakuna msaada mwingine unaoonekana, anawajibika.

Hapo kwenye “msaada mwingine” ndipo sisi tunapoguswa. Kabla ya kumlaumu wakili, ambaye naye analipa pango, tujiulize: sisi tupo wapi? Kwenye harusi tunaunda kamati, tunakaa vikao, tunachanga mpaka sendofu. Ndoa hiyohiyo ikigeuka hatari, mtu anaachwa peke yake na ushauri wa kuvumilia. Kwa maoni yangu, jumuiya iliyochangia sherehe ina deni la kuchangia haki.

Tuanze na kidogo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua msaada wa bure kwa wasio na uwezo, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Kwa matunzo ya watoto, ofisi ya ustawi wa jamii ipo. Wewe una simu na umesoma: msindikize mama, msomee fomu, kaa naye kwenye foleni.

Mt. Ivo, padre na wakili wa maskini, utuombee.