Kibatari Hiki ni cha Nani?

Binti wa mama mdogo amemaliza kidato cha sita. Juzi aliniletea insha ya maombi ya kuingia chuo kimoja kikubwa cha Marekani. Maneno 650, yasizidi, aeleze yeye ni nani. Kwa kuwa nyumbani wananiita mwandishi (ingawa hakuna aliyewahi kununua nilichoandika), kazi ya kuipiga msasa ikaniangukia mimi.

Aliandika jinsi yeye na mjomba wanavyofungua redio mbovu, kisha wanazifunga zikiwa mbovu vilevile. Ilinichekesha kweli. Lakini nikamwambia, "Mdogo wangu, hapa hamna machozi. Wale wanataka machozi." Nikachukua kalamu, nikamwekea kibatari: anasoma usiku, moshi unamwingia puani. Akasoma, akaniangalia.

"Kaka, hiki kibatari ni cha nani? Si tuna LUKU?"

Tangu siku hiyo nafikiria swali ambalo Wamarekani wenyewe hawaishi kubishania: vyuo vyao vikubwa bado vinachukua watu kwa uwezo wao, au uwezo unazidi kuachwa nyuma? Wapo wanaosema zamani ilikuwa afadhali. Zamani ipi, jamani? Yale na Princeton zilifungulia wasichana milango ya shahada ya kwanza mwaka 1969. Kabla ya hapo mdogo wangu angefaulu mpaka basi, na bado angebaki nje ya uzio.

Ila Harvard ndiyo inayoninyima usingizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlango wake ulikuwa mtihani. Ukifaulu, unaingia. Mtihani wenyewe uliwapendelea waliotoka shule za mabwanyenye, maana huko ndiko walikofundwa kwa ajili yake. Hata hivyo mtihani ni mtihani. Mtoto wa fundi cherehani mhamiaji aliweza kukesha nao akaushinda. Wakaushinda. Kufika mwaka 1922, Wayahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji, walikuwa kiasi cha mmoja kati ya kila wanafunzi watano walioingia. Rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, akataka idadi yao iwekewe kikomo. Walimu wakakataa kikomo cha waziwazi. Basi ikatafutwa njia ya kistaarabu: fomu ikauliza kama jina la ukoo limewahi kubadilishwa, picha ikadaiwa, na kufika mwaka 1926 kipimo kikawa pia "tabia" ya mwombaji. Wayahudi wakapungua. Hakuna aliyefukuzwa, walionekana tu hawana tabia!

Hiyo "tabia" ndiyo bibi mzaa bibi wa insha ya mdogo wangu. Sisemi swali la "wewe ni nani" ni baya. Alama peke yake haimjui mtu. Nasema tu kwamba swali hilo lilipotiwa nguvu mlangoni pale, liliwekwa kama komeo, baada ya watu wasiotakiwa kuupata ufunguo.

Tuwe wa haki. Mwaka 1934 James Conant, aliyemrithi Lowell, alianzisha ufadhili wa kuwatafuta vijana wenye vipaji walio mbali, akitumia mtihani wa SAT. Milango ilipanuka kweli. Lakini watoto wa waliosoma hapo hawakuacha kubebwa: kesi iliyoishia Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023 ilifichua kwamba katika miaka sita ya udahili Harvard iliwakubali kama theluthi moja yao, huku wengine hawakufika hata 6 kwa kila 100. Mahakama ilikataza rangi kuwa kigezo, ikaruhusu mwombaji aeleze kwenye insha jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Upendeleo wa ukoo haikuugusa. Insha tena!

Kwa hiyo sikubali kwamba zamani palikuwa na haki iliyopotea. Kilichobadilika ni kingine. Mtoto wa tajiri wa mwaka 1910 aliingia kwa jina la baba, na moyoni alijua. Wa leo anaingia na alama za kulipiwa mwalimu wa pembeni, mchezo wa kulipiwa kocha, insha ya kulipiwa mshauri, na anaamini ni jasho lake. Utafiti wa mwaka 2023 wa Chetty na wenzake ulionyesha kwamba mtoto wa familia tajiri, zile 1 kwa kila 100 za juu, ana nafasi zaidi ya mara mbili ya mtoto wa familia ya kipato cha kati, wakiwa na alama zilezile. Na yule aliyekataliwa naye anaamini. Anajiona mjinga. Zamani angalau angemlaumu babu yake.

Mwaka 2019 walikamatwa wazazi huko Marekani waliolipa watoto wao wapachikwe kwenye picha za michezo wasiyoicheza. Niliposoma niliwacheka sana. Sasa sicheki. Mimi nimepachika kibatari, tena bure.

Mdogo wangu alikifuta. Redio zikarudi. Lakini aliziacha sentensi zangu tatu, za mjomba akipuliza vumbi na kutega sikio kama daktari. Hazina uongo ndani yake. Ndizo nzuri kuliko zote. Alituma usiku uleule, na majibu bado. Nikikutana naye anaongea habari za redio, nami nazihesabu zile tatu kimoyomoyo.