Sare na Mshindi wa Lazima

Tarehe 17 Disemba 2017, katika uwanja wa Kenyatta mjini Machakos, Zanzibar na Kenya zilikutana katika fainali ya Kombe la Chalenji. Ovella Ochieng aliifungia Kenya mapema, dakika ya 5. Zanzibar ikahangaika na lango lisilofunguka hadi dakika ya 87, Khamis Mussa Makame aliposawazisha. Katika muda wa nyongeza Masoud Juma akaitanguliza tena Kenya, na Makame huyo huyo akarejesha. Mbili kwa mbili. Zikapigwa penalti, kipa Patrick Matasi akaokoa tatu, na Kenya ikachukua kombe kwa penalti 3 kwa 2.

Timu hizo zilikuwa zimekwisha kupambana katika hatua ya makundi, zikatoka bila ya kufungana. Jumla yake ni dakika 210 na mabao mawili kila upande. Ikiwa mchezo ni shahidi wa kueleza nani bora, basi shahidi huyu aliulizwa mara mbili, na mara zote mbili akajibu kuwa hapana aliyemzidi mwenziwe. Ni kwa haki gani, basi, mmoja akaitwa mshindi?

Penalti za kuamua mchezo ziliingizwa katika kanuni za kandanda mwaka 1970. Miaka miwili kabla, mjini Naples, nusu fainali ya Ulaya baina ya Italia na Muungano wa Kisovieti iliamuliwa kwa kurusha sarafu. Leo sarafu ile huchekwa. Lakini ilikuwa na uungwana wake: haikumtwika mtu lawama. Penalti humtoa mtu mmoja katika kundi, humsimamisha peke yake mbele ya kipa, na akikosa humwachia mzigo uliokuwa wa watu kumi na mmoja.

Yumkini itasemwa kuwa pande zote ziliikubali kanuni kabla ya filimbi ya kwanza. Ni kweli, na hoja hii ni nzito. Anayeikana ahadi kwa kuwa imemgeukia hastahiki kuaminiwa. Ila ahadi humpa mtu haki ya kulibeba kombe tu. Haimpi ubora ambao mchezo wenyewe haukumpa. Dhuluma huanza mambo haya mawili yanapochanganywa: mwenye kombe akadhani kuwa amemzidi mwenziwe, na aliyekosa penalti akadhani kuwa yeye ndiye aliyewaangusha ndugu zake.

Pemba si ngeni katika mashindano yasiyo na mwamuzi. Kamange na Sarahani, malenga wa kisiwa hiki ambao tungo zao zimo katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba kilichochapishwa mwaka 2011, walijibizana kwa beti, na hapana aliyepuliza filimbi kuwaamua. Jibu liliita jibu. Hata katika mchezo wa ng'ombe, dume hachinjwi uwanjani wala hapahesabiwi mabao. Watu huondoka wakisimulia namna alivyorusha pembe na nani alithubutu kumkaribia. (Kombe la fedha, lakini, halipasuliwi vipande viwili, na mashabiki wana gari la kuwahi.)

Hata hivyo, sare nayo isitukuzwe kupita kiasi. Makame hakukimbia dakika zote zile akiitafuta sare. Alitaka kushinda, na waliomkaba walitaka hivyo hivyo. Usawa ule ulitoka kwa watu ishirini na wawili ambao hapana hata mmoja wao aliyeutaka. Lau wangaliambiwa tangu mwanzo kuwa sare inatosha, yumkini bao la dakika ya 87 lisingalifungwa.

Orodha ya mabingwa ina jina la Kenya kwa mwaka 2017. Katika hesabu za kandanda, mechi iliyoamuliwa kwa penalti huandikwa kuwa ni sare, na ya Machakos imeandikwa hivyo: 2–2.